Shanga Zilizokula Kutu ya Chanzuru

Asubuhi moja niliamka Dodoma, nikakunja shuka langu, nikamuaga mwenye nyumba, nikaenda stesheni. Sikuwa na safari. Karani wa tiketi akaniuliza, "Wapi?" Nikamwomba anitajie vituo. Akaanza kuvitaja kwa uchovu wa mtu aliyevikariri, na alipofika Kilosa nikamwambia, "Hapo hapo."

Akanichungulia kupitia kidirisha. "Una ndugu Kilosa?"

"Sina."

"Una kazi?"

"Sina."

"Haya, kawasalimie," akasema, akanisukumia tiketi.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii ya kusafisha maji, wanangu, kazi ambayo leo mnaiendea chuoni na kutoka na vyeti. Mimi shule niliiacha mapema. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nilichoka na fimbo zake. Kabla ya Kilosa nilikata mkonge, nikachanganya rangi za nyumba, nikasaidia fundi baiskeli, na kila mahali niliondoka siku nilipokwisha kuelewa kitu kinavyofanya kazi. Watu waliniita Kiguu na Njia, na sikuwakatalia.

Pale Kilosa nilitembea tu hadi mtaa unaoitwa Magomeni. Nje ya nyumba moja alikaa mama wa makamo mwenye miwani, kwenye kigoda, anaosha kitu ndani ya beseni. Vilikuwa vipunje vya mviringo, vidogo, vya rangi ya dhahabu, vinateleza. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani mama, hayo ni mayai ya samaki gani?"

Hakucheka. Alinitazama kupitia juu ya miwani. "Ya samaki asiyeoza. Weka mkono uone."

Nikaweka. Vilikuwa vigumu kidogo, baridi, kama mchanga uliofundishwa adabu. Akaniambia ni plastiki. Nikambishia, plastiki niliyoijua mimi ilikuwa ndoo na kandambili. Akasema hata hii ni plastiki, ila imetengenezwa ili kila punje iwe na vindoano vidogo visivyoonekana, na vindoano hivyo hushika dawa isiende na maji. Nikauliza dawa gani. Nikauliza inashikwaje. Nikauliza ikishikwa inafanyaje kazi. Jua likasogea, na mimi nimechuchumaa palepale.

"Unajua kusoma?" akaniuliza mwishowe.

"Kidogo."

"Na kukaa, unajua?"

"Kukaa wapi?"

"Kukaa mahali pamoja."

Nikaitazama barabara.

"Basi utajifunza yote mawili," akasema. "Lete ile ndoo."

Huyo ndiye Mama Tabitha. Alikuwa amefanya kazi maabara ya kiwanda kimoja cha nguo cha serikali. Miaka ya ruksa, ya biashara huria, ilipoingia, viwanda vikaanza kupunguza watu na kuuza vitu, na kiwanda chake nacho kikauza. Siku ya mnada watu waligombania viti, milango na feni za darini. Yeye alinunua magunia ya hivi vipunje, tulivyoviita shanga, kwa kuwa hakuna aliyejua ni za nini. Mnadi alimuuliza kama anakwenda kuzipika. Akampa jibu kwamba anakwenda kuzilisha. Wakacheka wote, naye akapakia magunia yake kwenye gari moshi, akarudi kwao Kilosa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Maji ya visima virefu vya huku, mengi yana chuma ndani yake. Ukiyavuta yanatoka meupe kabisa, yanang'aa, unamsifu mchimbaji. Uyaache kidogo yakutane na hewa, yanageuka mekundu. Kile chuma kilikuwa kimeyeyuka, kimejificha. Kikipata hewa kinakuwa kutu. Kutu hiyo hukaa kwenye ndoo, kwenye meno, kwenye nguo. Na chai! Maji ya chuma yakikutana na majani ya chai, chai inakuwa nyeusi kama wino. Sisi hatukuwa na vipimo vya maabara huko vijijini. Tulibeba chupa ya chai. Unamimina maji kwenye kikombe, unaongeza chai ya rangi, unatazama. Ikibaki rangi ya chai, umeshinda. Ikiwa wino, rudi kazini.

Kuna dawa inayokigeuza chuma kuwa kutu papo hapo, kabla hakijafika kwenye ndoo. Ni ile dawa ya zambarau ya madukani, pamanganeti, ambayo mama zenu walioshea kachumbari na vidonda. Mtasema, si uitie tu kwenye tangi? Walitia. Kijiji kimoja walitia kwa mkono, mtu na mkono wake, leo kidogo, kesho ngumi nzima. Chuma kikaisha, lakini maji yakatoka ya waridi, na watu wakawa na ulimi wa kahawia.

"Dawa iliyo huru inakwenda inakotaka," Mama Tabitha aliniambia. "Mbuzi umfunge kamba, atakula majani ya pale ulipomfunga, na mahindi ya jirani hayagusi. Hizi shanga ni kamba."

Hivyo tu. Mnanijia na vitabu vyenye picha za minyororo ya plastiki na herufi zimepangwa kila upande, nami nafurahi kuvisoma, kwa kweli najifunza mengi humo. Lakini mbuzi na kamba ndiye aliyenifungulia mlango. Dawa inabaki kwenye shanga, maji yanapita, chuma kinageuka kutu, mchanga ulio chini unaikamata kutu, na maji yanatoka hayajui kama yalikutana na dawa. Dawa nayo hutumika. Shanga zikichoka hupauka, nawe huzilisha upya: unaziloweka kwenye maji ya pamanganeti hafifu, halafu unazisuuza mpaka maji ya mwisho, ukiyamimina kwenye sahani nyeupe, yasiwe na hata dalili ya uwaridi. Sahani iwe nyeupe kweli. Jicho likiwa na njaa linaona linachotaka, sahani haina njaa.

Haya, sasa Chanzuru.

Watu wa mradi wa maji walichimba kisima kijijini Chanzuru, wakafunga pampu ya mkono, wakapiga picha, wakaondoka. Muda si mrefu wanawake wakairudia njia ya mtoni. Maji ya kisima yaliwaharibia chai, yaliwaharibia ugali, na nguo nyeupe ndizo zilizoua kabisa. Ninyi mnajua mama wa kanisani na kitambaa chake cheupe. Kifulie kwa maji yanayokigeuza rangi ya matofali, halafu umwambie maji ni salama. Watu wa mradi wakaona pampu imekaa bure, wakatuma neno: kama haitumiki, itang'olewa ipelekwe kijiji cha Mvumi, kuna watu wanaililia.

Aliyeumia zaidi ni Mama Damari, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Yeye ndiye aliyesimama mkutanoni kukitaka kisima kile. Mjukuu wake aliugua tumbo kwa maji ya mto hadi wakamkatia tamaa, akapona kwa shida. Mama huyu akaja Magomeni kwa miguu, kwa Mama Tabitha.

"Tabitha, mwenzangu, nimesikia una shanga zinazokula kutu."

"Ninazo."

"Zinakula kweli, au ni maneno ya mjini?"

"Zinakula. Ila zinataka mtu wa kuzilisha." Akanigeukia mimi. "Huyu hapa. Ana maswali mengi, mzoee tu."

Tukafunga mapipa mawili, moja juu kwenye jukwaa la magogo, moja chini lenye shanga na mchanga, ndilo chujio lenyewe. Mama Damari akatangaza mtihani mbele ya kila mtu. Askofu alikuwa anakuja kwa kipaimara. Nguo zote nyeupe za watoto wa kipaimara zitafuliwa kwa maji ya kisima. Zikitoka nyeupe, pampu inabaki na mtoni hakuna anayekwenda. Zikitoka za matofali, watu wa mradi waje na spana zao, naye hatafungua mdomo tena mkutanoni.

Mzee Lemburis, mfugaji aliyekuwa na boma upande wa mbugani, alikuja kunitazama nikifanya kazi. Alisimama kwa mguu mmoja, fimbo begani.

"Kijana, wake zangu wanavaa shanga. Wewe unazinywesha dawa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wangu wanakunywa maji mekundu haya na wananenepa. Nyinyi wakulima mnaogopa rangi."

"Ng'ombe wako hawavai vitambaa vyeupe, mzee."

Akacheka mpaka fimbo ikashuka. Toka siku hiyo akawa anakuja kila mara, kunichokoza na kuangalia pipa lilivyo.

Ilibaki siku moja tu kabla ya kufua, Mama Tabitha yuko Morogoro anatafuta pamanganeti, maana kopo letu lilikuwa tupu. Sikuwa na wasiwasi. Nilikwisha kuzilisha shanga, zimeshiba, chai nimeipima mwenyewe. Mchana nikapanda baiskeli kwenda kuangalia tu. Nikakuta nyimbo. Kina mama wamejaa kisimani, kanga zimefungwa kiunoni, furaha tele.

"Karibu fundi!" wakanipigia. "Tumekusaidia!"

Chujio lilikuwa wazi. Pipa lilikuwa tupu, linang'aa, limesuguliwa kwa majivu. Shanga zangu, zote, zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni ya mche, zikasuuzwa, zikaanikwa juani kwenye majamvi, zimetandazwa vizuri kabisa kama mpunga.

Wanangu, msiwacheke. Huku kwetu kitu cha thamani huoshwa na kuanikwa. Mpunga, mahindi, dagaa, magodoro. Askofu anakuja, nani atamwachia chujio lenye shanga za kahawia zilizojaa uteute? Waliamka asubuhi kunifanyia wema.

Lakini sabuni inamaliza ile dawa. Na hili liandikeni kichwani, kwa sababu linaweza kuwatoa roho: shanga zilizobeba dawa ya namna hii hazikaushwi. Kamwe. Ndani ya maji ni pole kama kondoo. Zikikauka, dawa inaanza kuila plastiki yenyewe, na kila kilicho karibu nayo, sabuni, mafuta, sukari, jamvi. Inapata joto. Nikaanza kusema hayo, na kabla sijamaliza, pembe ya jamvi moja ikatoa uzi wa moshi.

"Maji!" nikapiga kelele. "Mwageni maji!"

Pampu haijawahi kupigwa vile. Mama Damari mwenyewe alikuwa kwenye mpini, mwili mzima unapanda na kushuka. Tukamwaga ndoo juu ya ndoo mpaka majamvi yakaelea. Moshi ukakata. Jamvi lile lilibaki na tundu la ukubwa wa sahani, na mwenye nalo, binti mmoja mchangamfu, akasema, "Sasa angalau lina dirisha." Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Mama Damari akanisogelea. Alikuwa anahema. "Fundi, niambie ukweli. Kesho ipo au haipo?"

Miguu yangu niliijua. Ilikuwa inaitazama baiskeli. Gari moshi lilikuwa linapita Kilosa jioni ile, na mimi nilikwisha kuelewa shanga zinavyofanya kazi. Kwa desturi yangu huo ndio ulikuwa wakati wa kuaga. Lakini kitu kimoja nilikuwa sijakiona: sikuwahi kuona kazi yangu ikifika mwisho. Nikataka kuona. Udadisi ulionihamisha kila mji ndio ulionisimamisha pale.

"Ipo," nikamwambia, "nikipata dawa ya zambarau."

Wakatawanyika. Mmoja akarudi na pakti iliyobaki chembe tatu, mwingine na chupa ya kitu cha zambarau kilichokuwa wino. Tukakaa tunatazamana. Ndipo Mzee Lemburis, aliyekuwa amesimama pembeni tangu moshi ulipoanza, akauliza, "Dawa ya zambarau mnayotafuta ndiyo hii ya kwato?"

"Kwato gani, mzee?"

"Za ng'ombe. Yale maduka mapya ya dawa za mifugo mjini wanatuuzia. Ng'ombe akiwa na kidonda cha kwato unamkanyagisha humo."

Nikamshika mkono mzee wa watu bila hata kuomba ruhusa. "Unayo?"

"Ninalo kopo." Akafurahia watu wote wanavyomkodolea macho. "Lakini nina neno. Chujio lenu likioshwa, yale maji mekundu mnayamwaga. Nichimbiwe mfereji, yaende kwa ng'ombe wangu."

"Siku za kulisha shanga hapana, mzee, yana dawa. Siku nyingine zote ni yako."

"Umesema mbele ya wanawake," akasema. "Basi haiwezi kufutika." Akaondoka na hatua zake ndefu kwenda bomani.

Alasiri yote tulisuuza. Unaosha shanga, unatikisa kwenye chupa, unaangalia povu. Povu likiwepo unaosha tena. Kina mama walipewa kazi hiyo, na hakuna watu duniani wanaojua povu kuliko wao. Mimi nilikuwa naambiwa, "Bado, fundi, sikia inavyoteleza," na walikuwa sahihi. Povu lilipokwisha kabisa, tukayeyusha dawa ya kwato hafifu, tukazimimina shanga humo. Zikanywa. Rangi ya zambarau ikapotea majini na kuingia ndani ya punje, mbele ya macho yao, na yule binti wa jamvi akasema, "Kumbe zina kiu kweli." Tukaziacha zinywe hadi asubuhi.

Asubuhi tukazisuuza, tukarudisha mchanga na shanga pipani. Sahani nyeupe. Hakuna uwaridi. Kikombe cha maji, chai ya rangi juu yake. Mama Damari akakishika yeye. Akangoja, akakizungusha, akakiinua juani. Kilikuwa chekundu cha chai, angavu, unaona vidole vyake upande wa pili. Akakinywa chote.

"Leteni nguo," akasema.

Walifua. Lakini kwenye maji haya nguo ikiwa mbichi haisemi kitu. Kutu hujitokeza inapokauka. Kwa hiyo tulikaa chini ya kamba nzima ya nguo za watoto wa kipaimara, tunazitazama zikikauka, watu wazima na akili zetu. Katikati ya hapo akafika mtu wa mradi kwa pikipiki, spana zimefungwa nyuma. Alikuwa kijana mstaarabu. Akatusalimu, akaambiwa akae. Akakaa. Upepo ukapita. Shati la kwanza likaanza kupeperuka.

Mama Damari akaliondoa kwenye kamba, akalikunjua, akaligeuza nyuma, akachunguza kola, akachunguza kwapa. Halafu akaliinua juu kwa mikono miwili na kupiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi stesheni. Lilikuwa jeupe. Yote yalikuwa meupe, kamba nzima, yanaumiza macho. Kina mama walicheza pale mpaka vumbi likawa hatari kwa nguo, ikabidi wafukuzane. Mzee Lemburis alisimama anatikisa kichwa. "Rangi tu," akasema, lakini meno yake yote yalikuwa nje.

Yule wa mradi akaenda kwenye pampu na spana yake. Kina mama wakamfuata. Akainama, akakaza nati mbili zilizokuwa zimelegea kwa kupigwa jana yake, akatingisha mpini, akaridhika. "Hii haiendi Mvumi," akasema. "Ila na wao wana maji ya namna hii hii. Nani alifunga hili chujio?"

Wakanisukuma mbele.

Jumapili ile askofu aliwawekea mikono watoto weupe kama mchele. Mimi nilikaa benchi la nyuma na sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa nahesabu makwapa.

Mama Tabitha aliporudi alizisogeza shanga puani. "Umenirudishia mali yangu inanukia sabuni." Nikamweleza yote. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Tangu leo," akasema, "kwenye kila chujio mwambie mtu kabla hujaondoka: msiogeshe, msianike. Mimi miaka yote maabara sikuwahi kufikiria kusema hivyo, kwa kuwa kule hakuna mwenye jamvi."

Hilo ndilo somo ninalowapa wote mnaofunga machujio mapya, haya ya kuagiza kwa simu. Kabla hujamfundisha mtu kifaa, jua yeye huwa anafanya nini na kitu anachokipenda. Na shanga nazo huzeeka; ukizisugua kiganjani zikavunjika kama chumvi, zitupe, dawa imekwisha kuzila. Kopo la dawa likae mbali na unga, sukari na mafuta ya taa. Na usimwamini anayekwambia chujio halitaki mtu. Chujio lisilo na mtu ni pipa.

Tulifunga Mvumi. Tukafunga vijiji vingine, nikasahau kuondoka. Ndipo Mama Tabitha akanionesha barabara ya kusini. "Mikumi pale barabara kuu gesti zinajengwa kila siku, sasa hivi ni ruksa, na nasikia mashuka yao ni ya matofali. Ila hakuna aliyetuita."

"Nitakwenda bila kuitwa," nikasema. "Hilo nalijua vizuri."

Alinipa gunia la shanga, mbichi, ndani ya nailoni. Nikapanda juu ya lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia, nikilimwagia gunia langu maji kila tuliposimama, na utingo akiniuliza kama nimebeba samaki hai. Barabara ilitutikisa hadi alasiri. Karibu na Mikumi nyani walikuwa wamekaa kando ya njia kama wenye mji, nasi tukawapisha.

Gesti ya kwanza niliyoiona ilikuwa bado inanukia rangi. Mwenyewe, baba mnene mwenye sauti ya upole, alinipokea mzigo, akashangaa unavyochuruzika maji.

"Vyumba vipo," akasema. "Lakini nikuambie mapema, usije kunilaumu. Maji yangu ni mekundu. Wageni wangu hulala usiku mmoja, wakiona beseni asubuhi wanakimbia. Wewe utakaa mpaka lini?"

"Mpaka yawe meupe," nikamwambia, nikabeba gunia langu kuingia ndani.